Mlio wa Tahadhari Mkononi mwa Mzamiaji: Unasaidia kwa Kiasi Gani?

Msomaji aliyeko Kasansa aweza kustaajabu kuona somo hili likimfikia. Kata yake imo katika Bonde la Rukwa, chini ya kuta za Lyamba lya Mfipa, kwenye barabara itokayo Kibaoni kuelekea Muze na Ilemba. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na Ziwa Rukwa lililo jirani nao lina kina kifupi, tope na mamba. Hakuna anayefunga mtungi wa hewa mgongoni ili kutazama yaliyomo chini yake. Lakini ng'ambo ya nyanda za juu za Ufipa kuna Ziwa Tanganyika, lenye maji maangavu na kina kifikacho mita 1,470. Huko kuna kazi za kuzamia. Wapo wanaokamata samaki wa mapambo wauzwao nchi za nje, biashara ambayo imefanyika kwa miaka mingi hasa upande wa Kigoma, na wapo wanaosindikiza watalii wapendao kuona samaki hao wakiwa majini. Kijana aliyetoka bondeni akafanya kazi hiyo, akirudi nyumbani na maumivu, mlango wa kwanza atakaoubisha ni wa zahanati ya kijijini kwake.

Tuchukue mfano, uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Kijana wa miaka 27 amekuwa Kipili kwa wiki mbili. Siku ya mwisho amezamia mara tatu, mara moja hadi mita 28, na ametoka majini saa 7 mchana. Saa 9 alasiri amepanda gari, likapita Namanyere na kukata nyanda za Ufipa, na usiku akawa Kasansa. Asubuhi bega la kulia linauma ndani kwa ndani, vidole viwili vina ganzi, na amechoka kuliko ilivyo kawaida ya safari. Zahanati inampima malaria kwa kipimo cha haraka, hana. Tabibu anaona mkononi mwake kitu kama saa nene. Amewahi kusikia habari za vyombo hivyo, kwa hiyo anauliza swali la busara: "Je, kilipiga kelele ulipokuwa majini?" Kijana anajibu, "Hapana, daktari. Hakikulia hata mara moja." Wote wawili wanatulia. Kijana anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike.

Utulivu ule ndio kiini cha somo letu. Swali la iwapo mlio wa tahadhari unamfaa mzamiaji hujadiliwa sana na wazamiaji wenyewe, wengine wakiusifu, wengine wakiuzima siku ileile wanaponunua chombo. Kwa mhudumu wa afya swali hilo lina uzito wa namna nyingine, kwa maana jibu la mgonjwa kuhusu mlio huo laweza kumwokoa au kumpotosha.

Tuanze na chombo chenyewe. Kompyuta ya mzamiaji hupima mambo mawili tu: shinikizo la maji yanayoizunguka, na muda. Kutokana na hayo hupiga hesabu ya naitrojeni ambayo mwili unakisiwa kuwa umeifyonza. Tukiwa nchi kavu, naitrojeni tunayovuta na kuitoa haitudhuru. Chini ya maji, hewa huvutwa ikiwa na shinikizo kubwa, na naitrojeni huyeyuka kwa wingi katika damu, mafuta, viungo na uti wa mgongo. Mzamiaji akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda haraka, au akiwa amekaa chini mno, hutengeneza viputo, kama soda inavyofanya kizibo kinapofunguliwa. Viputo hivyo ndivyo vinavyoleta maradhi ya wazamiaji. Mfaransa Paul Bert alikwisha kuonyesha jambo hilo mwaka 1878, na mwaka 1908 Mwingereza John Scott Haldane, baada ya majaribio ya mbuzi, alitoa majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo. Kompyuta za mkononi, ambazo zilianza kuuzwa kwa wazamiaji wa kawaida katika miaka ya 1980, zinaendeleza hesabu ya aina hiyo, zikiifanya upya kila baada ya sekunde chache.

Chombo hulia pale hesabu inapovuka mpaka: mzamiaji anapopanda kwa kasi kupita kiasi, kwa kawaida zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika katika vyombo vya sasa, anapopita kina alichojiwekea, muda wake wa kukaa chini unapokwisha, anaporuka kituo cha kusubiri, na, ikiwa chombo kimeunganishwa na mtungi, hewa inapopungua. Angalia jambo moja hapa. Mlio wa kasi husikika wakati kasi imekwisha kuzidi. Ni shahidi wa kosa lililoanza, na faida yake ni kulikatiza lisiendelee. Mita 10 za mwisho ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hapo hewa iliyo ndani ya mapafu hutanuka hadi kufikia maradufu ya ujazo wake. Mzamiaji aliyejaza hewa nyingi katika koti lake la kuelea aweza kuzimaliza mita hizo kwa muda mfupi, kabla hajapata nafasi ya kutambua ni nini kinacholia.

Sasa tuje kwenye sikio. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Nchi kavu tunajua sauti imetoka wapi kwa sababu inafikia sikio moja kabla ya jingine. Majini tofauti hiyo ya muda inakuwa ndogo mno, na sauti nyingi huingia kwa njia ya mifupa ya fuvu. Mzamiaji husikia mlio kana kwamba umetoka pande zote, au ndani ya kichwa chake. Wakiwa watu watano pamoja, wote wenye vyombo vya aina moja, kikilia kimoja hakuna ajuaye ni cha nani. Kila mtu humtazama mwenzake. Ongeza kofia nene ya mpira inayoziba masikio, kelele za mapovu kila anapotoa pumzi, na injini ya mashua ipitayo juu.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu wa afya wanapaswa kulizingatia zaidi ya wazamiaji. Milio ya vyombo hivi ni myembamba na ya juu. Uwezo wa kusikia sauti za juu ndio unaotangulia kupotea uzeeni, na ndio unaoharibiwa na kelele za muda mrefu. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi kando ya kompresa ya kujazia mitungi, au kwenye injini ya mashua, aweza kuzungumza nawe vizuri kabisa chumbani mwako na bado asisikie mlio mkononi mwake mwenyewe. Upotevu wa aina hii unatokana na sikio la ndani, na kwa kuwa majini tunasikia zaidi kwa mifupa, ambayo nayo hupeleka sauti kwenye sikio hilohilo la ndani, hakuna njia ya kuukwepa. Mtu wa namna hii akiuliza kama anafaa kuzamia, mshauri atafute chombo chenye kutetemesha mkono au kuwasha taa, na azoee kukitazama kwa macho.

Na hata sikio likisikia, akili nayo yaweza isisikie. Kuanzia karibu mita 30 naitrojeni huanza kulewesha. Mlevi huyu wa majini huona mambo yote ni mazuri; mlio unaomfikia hupita kama wimbo wa jirani. Zaidi ya hilo kuna mazoea. Muuguzi yeyote aliyewahi kukesha katika wodi yenye vifaa vya kupimia mapigo na oksijeni anaijua hali hiyo: kidole cha mgonjwa kikisogea, kifaa kinalia; waya ukilegea, kinalia; betri ikipungua, kinalia. Baada ya saa kadhaa sikio hujifunza kuyapuuza yote, pamoja na ule mlio mmoja wa kweli. Nchini Marekani, taasisi ya kusimamia ubora wa hospitali, Joint Commission, ilitoa onyo rasmi mwaka 2013 kuhusu hatari hiyo. Kompyuta ya kuzamia iliyowekwa kulia kwa kila jambo dogo humfundisha mwenye nayo somo lilelile baya.

Je, basi mlio hauna faida? Hatusemi hivyo. Mzamiaji aliyekazia macho samaki mwambani, mikono yake yote miwili ikiwa kazini, hatazami chombo, mlio humkumbusha. Anayezama pasipo kujijua kwenye ukuta wa mwamba wenye maji maangavu, ambamo kina hakionekani kwa jicho, naye husaidika. Maoni yetu ni kwamba milio ya mambo matatu ibaki imewashwa, yaani kasi ya kupanda, kituo kilichorukwa, na hewa iliyopungua, na mingine yote izimwe ili mitatu hiyo ibaki na heshima yake. Kisha mzamiaji aamue, akiwa bado mashuani, atafanya nini akisikia kila mmoja. Uamuzi unaosubiri mpaka mlio usikike umechelewa. Na ajaribu mapema, akiwa amevaa kofia yake na mwenzake yuko karibu, kama kweli anausikia.

Hayo yote ni ya majini. Kwa mtu anayerudi Kasansa, sehemu kubwa ya hatari iko mahali ambapo chombo hakilii kabisa.

Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa pale ni kama asilimia 92 ya lile la pwani. Kwa kawaida ya mafunzo ya kuzamia, maji yoyote yaliyo juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa ya mwinuko, na majedwali yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatumiki hapo bila kurekebishwa. Kompyuta nyingi hulitambua jambo hili zenyewe. Nyingine hutaka mwenyewe aziambie. Iliyoachwa katika hali ya baharini itatoa hesabu ya ukarimu, nayo itanyamaza pale ambapo ingepaswa kulia. Mvuvi wa samaki wa mapambo atumiaye mpira mrefu uliounganishwa na kompresa mashuani, kama wengi wafanyavyo, mara nyingi hana chombo chochote cha kulia. Inashangaza, kwani watu hawahawa wanajua kuwa samaki wa vilindini akiletwa juu ghafla hujaa hewa na kufa, na kwa hiyo humpandisha kwa vituo, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Samaki husubiriwa; mkamataji hujitokeza juu mara moja.

Kisha huja barabara. Kutoka mwambao wa Kipili gari hupanda hadi nyanda za Ufipa, ambazo sehemu nyingi zimepita mita 1,500, kabla ya kushuka tena bondeni. Mwili wa kijana wetu bado ulikuwa na naitrojeni ya mizamio mitatu, na juu ya Ufipa shinikizo la hewa lilipungua tena kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko la ziwani. Kwa mwili, safari ile ilikuwa mwendelezo wa kupanda kutoka majini. Miongozo ya kupanda ndege baada ya kuzamia husema mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja usiohitaji vituo, angalau saa 18 baada ya mizamio kadhaa, na zaidi ya hapo ikiwa alihitaji vituo. Nayo huhusu kupanda milima kwa gari pia. Kijana alisubiri saa mbili. Chombo chake huenda kilionyesha kwenye kioo alama ndogo ya ndege au idadi ya saa zilizobaki. Alama hiyo kwa kawaida haina mlio, na mtu anayeelekea nyumbani kwa gari haoni kuwa habari za ndege zinamhusu.

Kwa hiyo tabibu hakukosea kuuliza kuhusu mlio. Alikosea kulichukua jibu la "hapana" kuwa ni uthibitisho. Hesabu ya kompyuta ni ya mwili wa wastani. Haijui kama mtu huyu alikunywa maji kidogo, alivuta kamba za nanga kwa nguvu baada ya kutoka, au ana tundu dogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, ambalo karibu robo ya watu wanalo bila kujua na ambalo huviruhusu viputo kupita upande wa mishipa ya ateri. Watu hupata maradhi haya wakiwa wamefuata kila walichoambiwa na chombo.

Dalili nyingi huanza ndani ya saa 6 baada ya kutoka majini, na karibu zote ndani ya saa 24, ingawa kupanda mwinuko kwaweza kuziamsha baadaye. Maumivu ya bega, kiwiko au goti, ambayo hayaongezeki sana ukibonyeza, ganzi, udhaifu wa miguu, kushindwa kukojoa, kizunguzungu na kupungua kwa usikivu, madoa kama marumaru kwenye ngozi, uchovu usio na sababu. Mtu aliyezamia ndani ya siku mbili zilizopita akaja na lolote kati ya haya, ahesabiwe kuwa mgonjwa wa maradhi ya wazamiaji mpaka ithibitike vinginevyo. Malaria ipimwe, na ikionekana itibiwe, lakini kuwa nayo hakuondoi uwezekano wa hayo mengine.

Matibabu ya kwanza yamo ndani ya uwezo wa kituo cha afya chenye mtungi wa oksijeni. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 15 kwa dakika, hata kama kipimo cha kidoleni kinaonyesha asilimia 99. Hapa wengi husita, kwa kuwa tumefundishwa kutoa oksijeni kwa aliyepungukiwa. Huyu anapewa kwa kusudi jingine: kuivuta naitrojeni itoke mwilini. Maumivu yakipungua akiwa kwenye oksijeni, jambo hilo linaunga mkono utambuzi. Wala asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu hiyo. Apewe maji ya kunywa ikiwa yuko macho na hatapiki, au dripu ya chumvi. Apimwe nguvu za miguu na mikono, hisia za ngozi na mwendo wake, na vipimo virudiwe kila saa na kuandikwa. Asirudishwe kamwe majini ili "aponywe na kina," desturi ambayo wazamiaji wengine huiamini na ambayo imewahi kuongeza ulemavu.

Tiba kamili ni chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa huvuta oksijeni akiwa chini ya shinikizo linalolingana na kina cha mita 18, kwa karibu saa tano kwa mara ya kwanza. Vyumba hivyo ni vichache Afrika Mashariki, na viko mbali na Katavi. Ndiyo maana njia ya rufaa inahitaji fikra. Kutoka Kasansa, Sumbawanga yaweza kuonekana kuwa jibu rahisi, lakini mji huo uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kumpeleka huko ni kumpandisha tena. Mpanda, ambako kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, iko karibu mita 1,100, na barabara ya kwenda huko kwa Kibaoni na Sitalike haivuki mwinuko wa Ufipa. Kwa mgonjwa huyu Mpanda ni salama zaidi, akiwa na oksijeni njia nzima. Akisafirishwa kwa ndege kutoka hapo, rubani aelezwe kuwa shinikizo ndani ya ndege liwekwe karibu iwezekanavyo na la usawa wa bahari, au kama ndege haiwezi, iruke chini kadiri usalama unavyoruhusu.

Kwa mgonjwa mwenyewe, au ndugu yake anayesoma haya: mkifika zahanati semeni neno "nimezamia" kabla ya kutaja maumivu. Semeni pia saa mliyotoka majini na njia mliyopita kuja. Msiogope kulaumiwa kwa kuzima milio; hilo si la kujibiwa pale.

Na kwa anayeandika barua ya rufaa: taja idadi ya mizamio, kina kikubwa zaidi, saa ya kutoka majini, saa ya kuanza safari, dalili ya kwanza na saa yake, na oksijeni ilianza lini. Ukiuliza kuhusu mlio, andika maswali mawili mahali pa lile moja: je, kilikuwa kimewashwa kulia, na je, wewe huwa unakisikia? Chombo chenyewe kifungwe kwenye mfuko wenye jina la mgonjwa na kisafiri naye. Kumbukumbu zake za kina na muda zimehifadhiwa ndani, na daktari wa chumba cha shinikizo atazisoma dakika kwa dakika. Kwa sababu hiyo mtu asikibonyeze-bonyeze njiani wala kukitoa betri.